Niliyoyapitia baada ya kuambiwa nina saratani ya tezi dume

Ndugu yangu uliyepokea majibu juzi, najua likishatajwa neno saratani hakuna kingine kinachosikika. Daktari wangu aliendelea kueleza, mimi nikawa namtazama mdomo tu. Bahati nzuri mke wangu alikuwa pembeni, akaandika kila kitu. Nenda na mtu, tafadhali.

Kilichonirudishia pumzi ni kuomba nakala ya majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichotolewa kwenye tezi kikapimwe, na kueleweshwa maana yake. Humo kuna alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, ambayo kwa kawaida huanzia 6 hadi 10; namba ikipanda, ukali nao unapanda. Yangu ilikuwa 3+4, jumla 7. Tarakimu ya kwanza inaonyesha aina ya seli zilizo nyingi zaidi, kwa hiyo 3+4 ni afadhali kuliko 4+3 japo jumla ni ileile. Mwenye 6, mara nyingi hakatwi wala hachomwi mionzi: anafuatiliwa kwa PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), MRI (picha ya ndani ya mwili) na kinyama kila baada ya muda.

Tena nikaelezwa utafiti wa ProtecT wa Uingereza. Wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi waligawanywa: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa. Matokeo ya miaka 15, yaliyotoka mwaka 2023, yalionyesha kwamba takriban 97 katika kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe kundi lolote. Usiku ule nililala. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na kwa wengi wenye hali kama yangu muda huo upo.

Nilichagua upasuaji. Sitakuficha, mpira wa mkojo unakera, na ulipotolewa mkojo ulinivuja kila nilipokohoa au kuinuka kitini. Muuguzi alinifundisha kukaza misuli ileile ya kuzuia mkojo, kuishikilia kidogo, kisha kuilegeza. Na kuikaza kabla ya kuinuka, si baada. Nilifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Pedi zikapungua polepole, mwisho nikaziacha. Nguvu za kiume zilichelewa zaidi. Hilo lizungumze na daktari waziwazi, na mkeo pia, kwa sababu dawa na vifaa vya kusaidia vipo, na wanaume wengi wanateseka kimya bure.

Na kama yako imeshafika kwenye mifupa, maneno haya ni yako pia. Kuna sindano za kushusha homoni inayoilisha, na siku hizi huongezewa vidonge vinavyoizuia zaidi. Nimekaa kwenye foleni ya kliniki na wanaume wa namna hiyo, wamo miaka kadhaa kwenye matibabu na bado wanafanya kazi zao.

PSA yangu sasa iko chini ya 0.1, na naendelea kupima. Ukirudi kwa daktari, anza na haya: Gleason yangu ni ngapi, imetoka nje ya tezi au bado, na nina muda gani wa kuamua?