Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule

Jamani wiki ya mwisho kabla ya likizo, we acha tu. Mitihani imeisha, wanafunzi miili iko darasani ila akili ishafika nyumbani kitambo, na sisi walimu, tuseme ukweli, tuna afadhali gani? Juzi nimeingia ofisi ya walimu nikakuta mwenzangu kalalia rundo la karatasi ambazo hata hajaanza kusahihisha, peni nyekundu bado iko mkononi.

Mi nilichojifunza ni kwamba ukiwawekea video ili mradi muda uende basi umekwisha, dakika ya 10 kelele zimeanza na huzizimi tena. Kidato cha tatu niliwarudishia karatasi zao za hesabu nikawaambia kila mtu achague swali moja alilokosa, alifanye upya ubaoni halafu atuambie aliteleza wapi, aisee sikutegemea, hata yule wa dirishani siku zote kasinzia akaomba chaki. Ratiba msiiguse, kengele ilie saa zile zile. Na wakuu wa shule, vikao fupisheni bwana, zile ripoti za wanafunzi hazijijazi zenyewe.