Tumeingia 2018 Addis Ababa, na hatujalala

Nimeweka kwenye grupu la ukoo picha ya wasichana wa mtaani kwetu, nguo nyeupe, maua ya manjano ya adey abeba mkononi, wakiimba nyumba kwa nyumba siku ya Enkutatash, mwaka mpya wa Kihabeshi, Septemba 2025. Binamu yangu wa Unguja akajibu: "Bado mko 2018? Nchi nzima imelala miaka saba." Grupu zima likacheka. Imeniuma.

Huyo huyo kila Julai hakosi Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Kishirazi kule Makunduchi, na Ramadhani anafunga kwa Hijria, ambayo Septemba hiyo ilikuwa 1447. Hapo hakuna aliyelala. Mhabeshi ndiye kalala!

Kalenda yao imepangika: miezi 12 ya siku 30, kisha Pagume, mwezi wa 13, siku 5, au 6 kila mwaka wa nne. Miaka imepishana kwa sababu kanisa lao lilishika hesabu ya mtawa Annianus wa Alexandria kuhusu kuja kwa Kristo, Ulaya ikafuata ya mtawa Dionysius wa Roma. Na saa zao ni zetu kabisa, asubuhi saa moja ni saa moja. Ughaibuni gani kwingine utapata hilo?

Mama mwenye nyumba wangu ni Mkristo. Mkesha wa mwaka mpya alimwita jirani Mwislamu achinje kuku wangu mbali, akapika doro wat, mchuzi wa kuku, chungu mbali, akaniletea na mkate wa dabo. Sikumwomba. Na kuku msimu huu hawashikiki kwa bei.

Mnaotaka kuja, shikeni hili. Mwaka unaingia Septemba 11, mara moja moja 12. Tiketi ya basi na mkataba wa nyumba mara nyingi huandikwa kwa tarehe yao, ndege kwa tarehe na saa za kizungu. Ulizeni kila mara, ya habesha au ya ferenji, yaani ya kizungu? Wiki ya Pagume usiende stendi kutafuta basi la Hawassa au Bahir Dar siku hiyo hiyo: kila mtu anarudi kwao na nauli imepanda. Safari ya kaskazini, ulizia kwanza usalama wa barabara kwa aliyetoka huko juzi. Ukikosa basi, usidhani wiki ya pili itakuwa nafuu, maana Meskel, sikukuu ya Msalaba, ni Septemba 27 (28 mwaka ukiingia Septemba 12) na Wagurage wengi wanaondoka mjini kwenda kula kitfo, nyama mbichi iliyokatwakatwa, kwao.