Jinsi nilivyoupata uzi wa dhahabu usiochambuka

Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba uzi wa dhahabu ni uzi tu. Chagua unaong'aa kuliko wenzake, tunga sindano, shona. Ushauri huo ulinila wiki mbili na nusu, pamoja na kipande kizuri cha aida, kile kitambaa cha matundu cha kudarizia, na aida hapa Tabora si kitu cha kutoka mara moja ukanunue dukani ukarudi. Naandika haya nikiwa nimeshapona, lakini bado yananiuma.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anapata upadirisho mwezi wa saba. Dada alikuja nyumbani Isevya asubuhi na mapema, hata chai hajanywa, akaniambia, "Mdogo wangu, stola ya kwanza ya mwanetu tusiinunue. Mikono yako ipo." Mimi nadarizi tangu darasa la sita. Foronya, vitambaa vya makochi, shuka za maharusi, vyote vimepita mikononi mwangu, na nyumba za mtaa huu zenye kitambaa nilichokidarizi mimi ni nyingi. Stola ni ule mshipi mrefu ambao padri anauvaa shingoni. Nikamwambia dada alale usingizi.

Nikachora kalisi, kile kikombe cha misa, yenye hostia, mkate wa misa, juu yake na masuke mawili ya ngano pembeni, yote kwa mshono wa msalaba, kipande kimoja kwa kila ncha ya stola. Aida niliyokuwa nayo ni ya matundu 14 kwa inchi, na kipande changu kilikuwa na upana wa inchi nne. Hiyo ni misalaba 56 kwa mstari mmoja. Kalisi nzima nilitaka iwe dhahabu.

Uzi nikaununua mjini, roli kubwa, kama elfu nne au tano hivi. Unameta mpaka unaumiza macho. Mwenye duka akaniambia, "Mama, huu ndio wanaochukua mafundi wote." Ni kweli wanauchukua, lakini wanaufunga kwenye cherehani. Mimi nilikuwa naenda kuushona kwa mkono, na hilo hakuniuliza, wala mimi sikumwambia.

Mshono wa nane tu, ule utepe wa juu ukaanza kuvuka kama gamba la nyoka. Maana uzi wa namna hii, ukiuangalia vizuri, si dhahabu wala si madini. Ni utepe mwembamba sana wa plastiki uliopakwa aluminiamu na kutiwa rangi, kisha ukazungushwa juu ya uzi wa kawaida. Zungusho likilegea, utepe unajikusanya nyuma ya tundu la sindano kama nywele zilizokwama kwenye kitana, na uzi wa ndani unabaki uchi. Nilikuwa nimekata uzi mrefu, urefu wa mkono mzima, kama ninavyokata wa pamba. Hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu sehemu iliyo karibu na sindano ndiyo inayopita kwenye kila tundu, kila mshono, mpaka uzi uishe.

Hapo ndipo alipoingia shangazi.

Shangazi yangu nampenda, na mapishi yake nayafuata mpaka leo. Nilimsalimia, akaupokea uzi, akauvutavuta kwa kucha, akasema, "Mwanangu, uzi unaochambuka dawa yake ni nta. Sisi tumepaka nta miaka yote." Na nta kwetu haikosi. Mkoa huu ni wa asali, na wajomba zangu wana mizinga porini upande wa Sikonge. Jioni ile ile nikaletewa pande la nta la rangi ya njano iliyoiva, linanukia moshi na maua ya msituni, zuri la kuweka hata kwenye kabati la vyombo.

Nikapitisha uzi juu ya nta mara mbili, kama tunavyofanya na uzi wa pamba wa kushonea vifungo. Ukawa mtulivu. Ukaingia kwenye tundu la sindano bila ubishi, ukapita kwenye aida bila kuvuka hata kidogo. Nikashona usiku mzima kwa taa, mistari ishirini na miwili, moyo mweupe. Nikajiambia wazee wana akili.

Asubuhi nikakitoa kitambaa uani kwenye jua. Kalisi haikuwepo. Palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimelala, kama sufuria ya shaba isiyoguswa mwaka mzima. Nta ilikuwa imeufunika ule mng'ao wote ambao ndio nilioununua, na juu yake imekamata vumbi la pamba kutoka kwenye kitambaa na manyoya madogo ya blanketi niliyojifunika miguu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, jirani akanipita akasema "Mwangaluka," na sikuitikia.

Jirani mwingine, akiwa na nia njema kabisa, akanishauri niweke karatasi juu yake nipitishe pasi ili karatasi inyonye nta. Pasi yangu ni ya mkaa. Kwa shuka yenye tone la mshumaa njia hiyo inafanya kazi, nimeshaifanya mwenyewe. Kwa plastiki usithubutu. Nilipoinua karatasi, ule uzi ulikuwa umejikunja, umenywea, umeivuta na aida yenyewe ikafanya matuta. Kufumua nako ni adhabu, kwa sababu uzi wa namna hii ukishafumuliwa haushoneki tena, na unaacha chembe zinazometa kila mahali. Nilizitoa kwa kubandika selotepu na kuibandua, kubandika na kubandua, mpaka mchana. Kipande nikakiweka kando. Bado ninacho.

Kwa hiyo nta ni ya pamba na kitani. Uzi unaong'aa usiupake nta, hata akikwambia shangazi. Ukitaka kuutuliza, tumia kitambaa cha pamba chenye unyevu, upitishe uzi mara moja kati ya vidole. Maji yanapunguza ukaidi wake na yanakauka bila kuacha kitu.

Sasa nisimulie lililonifungua macho, maana halikutoka kwa mtu anayeuza nyuzi.

Mzee mmoja wa Gongoni aliniletea joho la marehemu baba yake nibadilishe bitana iliyooza. Joho jeusi, zito, lenye zari, nakshi ya uzi wa dhahabu, shingoni na kifuani mpaka chini. Zari ile ni ya zamani, ya madini kweli. Aina hiyo hutengenezwa kwa waya mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu na kuzungushwa juu ya uzi wa hariri, na mji wa Surat kule India umejulikana kwa kazi hiyo tangu enzi. Sehemu nyingine ilikuwa imeingia weusi, kwa sababu fedha iliyo chini ikikutana na hewa na jasho kwa miaka mingi hufifia. Lakini haikuchambuka mahali popote. Miaka yote hiyo, ijumaa na idi na harusi, haikuchambuka.

Nilipoitoa bitana nikaona upande wa ndani. Hapakuwa na dhahabu hata nukta! Palikuwa na vishono vidogo vidogo vya uzi wa pamba wa njano, vimepangana kama nyayo za kuku. Nikageuza tena juu, nikasogeza macho karibu, nikaelewa. Yule fundi hakuwahi kuupitisha uzi wa dhahabu ndani ya kitambaa. Aliulaza juu, akaukunja kufuata nakshi, kisha akaukamata kwa uzi mwembamba kila baada ya upana wa punje ya mchele. Ncha tu ndizo alizozizamisha chini. Dhahabu haikusuguliwa na tundu lolote.

Nilikaa na joho lile mapajani muda mrefu. Swali nililokuwa nauliza dukani, upi unang'aa zaidi, lilikuwa swali la mwisho. La kwanza ni je, uzi huu utapita ndani ya kitambaa au utalala juu yake? Ukilala juu, nunua hata mnene, hata wa utepe, hata unaovuka, na uukamate. Ukipita ndani, lazima uwe umetengenezwa kwa kazi hiyo.

Mpwa wangu aliyeko Dar nikampa kazi ya kunitafutia, na sista mmoja anayerudi kutoka likizo Ulaya akanibebea vingine. Wote wawili niliwaambia wasiangalie rangi kabla ya kuangalia umbo. Vikafika kwa basi, kwenye boksi la biskuti.

Diamant ya DMC, ile kampuni ya Ufaransa iliyoanza 1746, ndiyo niliyoizoea haraka. Ni kiroli kidogo cha mita 35, uzi umeshasokotwa tayari, hugawi, unautumia ulivyo. Kwenye matundu 14 unakaa vizuri. Kreinik ya Marekani wana uzi wa kusuka, na wanaupa namba: namba ikipanda, uzi unanenepa. Namba 4 ndio mwembamba, unafaa aida ya 14 hadi 18. Ukichukua 16 kwa kutaka mng'ao mwingi, hautapita, utapasua kitambaa au utapasuka wenyewe. Uzi wa kusuka nauamini kuliko wa kuzungushwa kwa sababu hauna utepe wa nje wa kuvuka. Kila unyuzi umemshika mwenzake, kama msuko wa nywele.

Halafu kuna ule mwembamba kama utando wa buibui, ambao haushonwi peke yake. Unauunganisha na unyuzi mmoja wa pamba, zinaingia sindano moja. Huo ndio niliotumia kwenye masuke ya ngano, pamoja na pamba ya njano. Haumeti sana, na ngano haitakiwi kumeta sana. Inapata kama umande wa asubuhi, na hapo nilijivunia kuliko hata kalisi.

Zile za nyuzi sita zinazogawanyika, zinazofanana na uzi wa pamba kwa kifungashio, nazo zina kazi yake, ila ncha zinaachana mara tu ukikata. Tia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ncha, iache ikauke ndipo utunge.

Kalisi nikaishona kwa namba 4. Uzi nilikata shibiri moja na nusu, hauzidi hapo. Sindano nikapanda, kutoka namba 24 niliyoizoea mpaka 22, ambayo ni nene zaidi, ili ifungue tundu kwanza na uzi upite bila kusuguliwa. Watu hudhani sindano nyembamba ndiyo inayotunza uzi. Hapana. Na uzi niliufunga kwenye sindano: unaukunja karibu na ncha, unapitisha kitanzi kwenye tundu la sindano, unakivisha juu ya ncha ya sindano, unavuta taratibu mpaka kikamate. Uzi hautelezi tena mbele na nyuma ndani ya tundu, na kusuguliwa kwenye tundu ndiko kulikoniua mwanzoni. Nashusha sindano wima, naipokea chini, naipandisha wima. Kila mishono minne naiacha ining'inie ijizungushe, uzi ujisokotoe wenyewe.

Pamba yote nilimaliza kwanza, dhahabu mwisho, ili isisuguliwe na mkono wala ringi ya kubania kitambaa. Ukingo wa kalisi nikaufanya kama yule fundi wa joho: nikaulaza ule uzi mnene wa roli, ule ule wa elfu tano ulionitesa, nikaukamata kwa pamba. Umetulia kabisa. Haukuwa mbaya, ulikuwa umewekwa mahali pasipo pake.

Tangu hapo siendi dukani mikono mitupu. Kwenye pochi nina kipande cha aida ukubwa wa kiganja na sindano namba 22. Nikipewa uzi naomba nikate shibiri moja na nusu, nailipia, natunga pale pale kaunta, naupitisha juu na chini mara ishirini kwenye tundu moja. Mwanzoni muuzaji mmoja alinuna, akaniuliza kama nimekuja kununua au kushona. Nikamwambia, "Kaka, nisubiri dakika mbili tu." Uzi wake ulivuka mara ya kumi na moja, mbele ya macho yake. Nilimrudishia roli, nikashukuru. Siku nyingine nikamkuta anamfanyia mteja mwingine jaribio hilo hilo, kwa kipande cha shuka.

Stola ilimaliziwa siku nne kabla ya misa. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele, na mwanetu alipoinua mikono jua la dirishani likagusa kalisi zote mbili kwa pamoja. Dada alinishika goti, hakusema kitu.

Wiki iliyopita mwanangu yule alinipigia kutoka parokiani. "Shikamoo mama mdogo. Stola imepata mikunjo, hapa kuna pasi, nifanyeje?" Nikamwambia aweke taulo mezani, ailaze stola kifudifudi ili dhahabu iangalie taulo, juu yake kitambaa kikavu cha pamba, pasi iwe vuguvugu tu na asiikokote, aibonyeze na kuiinua. Akaniuliza kama ya mkaa inafaa. Nikamwambia kama hakuna ya umeme aivae na mikunjo yake mpaka nifike.