Paka wanne na tuta langu la mchicha

Mkono wangu wa kulia ulizama kwenye kitu laini, na kabla sijautoa pua ilikuwa imeshajua ni nini. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimejifunga kanga, nang'oa magugu kwenye tuta la mchicha huku naimba kidogokidogo. Sikuimba tena siku ile.

Nakaa Makorora, Tanga. Uwanja wa nyuma ni mdogo, hatua kumi na mbili kwa nane, lakini unanilisha: matuta mawili ya mchicha, moja la matembele, bamia kando ya ukuta, nyanya chungu mashina sita, na giligilani kwenye ndoo zilizotoboka. Mchana nashona, jioni namwagilia. Udongo wetu ni wa kichanga, nami nimeulainisha kwa samadi ya ng'ombe miaka minne mpaka ukiushika unapukutika kama unga. Huo ulaini ndio ulioniponza. Paka anayetaka kujisaidia hutafuta udongo mkavu, unaochimbika, apate kufukia. Nilikuwa nimewatandikia bila kujua.

Uchafu unaudhi, lakini kilichoniliza ni mbegu. Mbegu ya mchicha ni chembe tu. Unaisia juujuu na kuifunika kwa udongo mwembamba. Paka akipitisha kucha mara tatu, mbegu zote za sehemu ile zimehamia kwingine. Tuta langu lilipoota lilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa wembe butu: huku kipara, kule kichaka.

Na nyumbani palikuwa na mjamzito. Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, mimba ya kwanza, miezi saba. Alipoona ninachofukua akarudi ndani moja kwa moja. Alikuwa ameshaambiwa habari za toksoplasma, kijidudu ambacho paka aliyeambukizwa hukitoa kwenye mavi, na ambacho mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mayai yake hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja mpaka tano, ndiyo maana kuzoa kila siku kunasaidia. Yakiachwa kwenye udongo wenye unyevu hukaa hata mwaka. Mchicha na matembele tunapika, na moto huyaua, hapo sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa giligilani ya kachumbari, inayoliwa mbichi. Nikaiosha kwa maji yanayotiririka mpaka kijana wangu wa mwisho akaniuliza kama nafua. Bustani nikampiga binti marufuku, nami nikanunua glavu za mpira.

Sasa vita. Nilianza na pilipili kichaa, nikaitwanga kavu na kuinyunyiza tutani. Upepo wa bahari ukanirudishia yote usoni. Nilipiga chafya mpaka adhuhuri, na paka usiku wakajisaidia hatua mbili pembeni. Nikahamia maganda ya machungwa. Hapa kwetu hayanunuliwi. Machungwa ya Muheza yanamenywa kila kona, muuzaji anakushukuru ukimwondolea taka. Paka hawapendi ile harufu, na kweli siku mbili walikaa mbali. Siku ya tatu maganda yakakauka, harufu ikaisha, nikabaki na sisimizi. Mteja mmoja akanishauri naftalini, zile za kabatini. Ile ni sumu, mama, na mimi natarajia kula kilichoota pale. Kijana mwingine akajitolea kuwategea sumu ya panya. Huyo sikumjibu.

Nikaenda kwa bibi anayekaanga vibua barabarani, maana paka wote wanne wanashinda miguuni pake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa samaki au kwa maneno?"

Nikamweleza. Akageuza vibua vyake taratibu, akanikumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila kumlisha. Nikamwambia mimi sijamfungia mtu, mimi ndiye niliyefungiwa nje ya bustani yangu. Na mdomo wa paka si najisi, hilo nakubali, lakini mavi yake ni najisi, hapo hatubishani. Akacheka. Kisha akauliza: "Panya umewaona lini kwako?"

Nikanyamaza. Sijawaona tangu mwaka juzi.

Jibu lilitoka nisikotarajia. Jirani wa nyuma alimwaga mchanga wa kujengea, fuso zima, halafu hela ikamkatikia. Mchanga ukakaa miaka miwili. Januari hii mafundi wakarudi kupiga plasta, na mmoja alipokuja kuomba maji ya kunywa akasema kwa kucheka, "Mama, ule mchanga ulikuwa choo cha paka. Tumechekecha mpaka tumechoka." Wiki waliyomaliza mchanga ndiyo wiki mkono wangu ulipozama. Wale paka walikuwa na choo chao, kimepigwa plasta ukutani.

Nikanunua matoroli matatu ya mchanga, nikaumwaga nyuma ya bafu chini ya bati chakavu, mvua isiulowanishe, mahali ambapo watoto hawachezi. Nikachukua na uchafu kidogo wa kwenye tuta nikaufukia pale juujuu, wapate kunusa. Kijana wangu anauzoa kila asubuhi kwa chepe na kuufukia shimoni mbali na mboga. Malipo yake ni bando la wiki, na anadai kama benki.

Lakini choo kipya peke yake kisingetosha, ilibidi na tuta likatae. Nikanunua mafagio mawili ya chelewa, nikayafungua, nikachomeka njiti wima tuta zima, kila baada ya upana wa kiganja. Paka hapati pa kugeukia wala pa kuchuchumaa. Kwenye matembele nikapanga vifuu vya nazi kati ya mashina, migongo juu. Na kumwagilia nikakusogeza mpaka magharibi, kwa sababu udongo uliolowa usiku hawaupendi. Akufukuzaye hakwambii toka.

Siku nne za kwanza hakuna aliyegusa mchanga. Siku ya tano, mashimo mawili.

Tutani nimekuta uchafu mara moja tu tangu hapo, pembeni nilikosahau njiti. Jumamosi niling'oa mchicha wa kwanza, mafungu sita. Moja nikampelekea bibi wa vibua, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti. Yule paka mweusi akanifuata mpaka mlangoni, nikampa kichwa kimoja, akaenda kukilia juu ya matembele yangu.