Miti Isiyoacha Chavua

Leo tumetoa mashapo, yaani tope lililojilimbikiza tabaka juu ya tabaka, kwenye kinamasi kilicho juu ya milima ya Uluguru, ili chavua (unga wa maua) iliyomo itueleze ni miti gani iliyokuwapo zamani. Chemba ya chuma yenye urefu wa sentimita 50 husukumwa wima hadi kina kinachotakiwa, huzungushwa nusu duara ili ukingo wake ukate tope na kulifungia ndani, kisha huvutwa taratibu. Tunatoboa matundu mawili jirani kwa zamu, vipande vikipishana, pasiwe na kina kilichorukwa. Nilipoifungua chemba, tope la chini lilikuwa jeusi la kung'aa, na ndani yake vijimizi vya rangi ya kahawia bado havijaoza. Tulilifunga kwa nailoni, tukalilaza kwenye bomba lililopasuliwa, na kuandika kina pamoja na upande wa juu, kwa sababu ncha zikibadilishana, historia yote itasomwa kinyume.

Mashapo ya kinamasi cha Deva-Deva, katika milima hii hii, yamewarudisha watafiti nyuma takriban miaka 48,000, na yanaonyesha kwamba msitu wa mlimani ulidumu hata katika enzi ya barafu, wakati sehemu nyingine za Afrika Mashariki zilipokauka na nyasi kutanda. Unyevu wa Bahari ya Hindi unatajwa kuwa sababu mojawapo. Matokeo hayo nayathamini mno, lakini kuna jambo linalonikosesha utulivu.

Maabarani, asidi huyeyusha mchanga na selulosi, chavua ikabaki kwa kuwa ganda lake ni gumu ajabu. Chavua ya mpodo ina vifuko viwili vya hewa na hupeperushwa mbali, kwa hiyo chembe chache chini ya hadubini hazithibitishi kwamba mti ulisimama karibu. Mkulo, mti wa mbao uliowindwa na wapasuaji kuliko karibu miti yote ya misitu hii, una chavua yenye ganda jembamba sana. Huoza topeni, na ikinusurika huko, asidi huimaliza. Msitu uliojaa mikulo unaweza kusomeka kama msitu usio na mkulo hata mmoja, na mtu asiyelijua hilo ataandika kwa uhakika kwamba mti huo haukuwapo.

Ndiyo maana nimeomba tusiharakishe kushuka. Kesho nitachukua udongo wa juu chini ya mikulo iliyo hai, niupitishe kwenye asidi zile zile, nione mti uliosimama mbele ya macho yangu unaacha chembe ngapi, kabla sijathubutu kusema lolote juu ya ile iliyokufa zamani.