Siku ya Kanoli 240

Saa kumi alfajiri nilifungua friji kubwa ya bekari ya supamaketi yetu, magoti yakanilegea. Ndoo mbili za rikota, kilo 10 kwa jumla, zilikuwa pale pale nilipoziacha, vifuniko havijaguswa. Jioni iliyotangulia nilitakiwa kuifunga jibini hiyo kwenye kitambaa ichuje maji usiku kucha. Nilisahau. Na Jumamosi hiyo supamaketi ilikuwa na oda ya harusi: kanoli 240, yaani maganda ya unga yaliyokaangwa na kujazwa krimu ya rikota, zichukuliwe saa kumi jioni, mbali na zile za kabati la vioo.

Fundi mkuu wetu alikuwa mama mtu mzima, mikono yake imejaa alama za mafuta ya moto.

"Mama, rikota sikuichuja."

Alinyamaza kidogo. "Sukari umeshatia?"

"Bado."

"Basi usiitie. Lete vitambaa."

Sukari huvuta maji kutoka kwenye jibini. Ukiichanganya mapema, krimu inakuwa uji na hairudi tena. Kule Sicily, kisiwa cha Italia zilikotoka, kanoli hutiwa rikota ya maziwa ya kondoo. Yetu ilikuwa ya ng'ombe, na ilikuja na maji mengi. Kwa kawaida tuliifunga furushi moja kubwa, lakini siku hiyo Mama aliigawa mafurushi manane madogo ili maji yasiwe na safari ndefu, akayapanga juu ya nyavu za kupozea keki, akayakandamiza kwa trei zenye mifuko ya unga. Yote yakarudi friji.

Tukahamia kwenye maganda. Donge la unga, mafuta ya nguruwe, siki na mvinyo wa Marsala lilikuwa limelala tangu jana, hilo angalau sikulisahau. Kulisukuma ni kazi: liwe jembamba hadi karibu uone meza kupitia kwake. Unakata duara, unalizungusha kwenye kibomba cha chuma, ncha unazigandisha kwa ute wa yai. Ute ukigusa chuma, ganda linang'ang'ania na kuvunjika unapolichomoa. Nilivunja tisa kabla mkono haujatulia.

Vibomba tulikuwa navyo 48 tu. Kwa hiyo mizunguko isiyopungua mitano: funga, kaanga, subiri vipoe, chomoa, anza upya. Mzunguko wa tatu nilitaka kuokoa muda, nikatumbukiza 12 kwa mara moja badala ya sita. Mafuta yakashuka chini sana ya nyuzi 180, maganda yakanywa mafuta, yakatoka mazito na yamepauka. Mama aliyatupa yote 12 bila kuniambia neno, na kimya chake kiliniuma kuliko karipio. Nikarudi kukaanga sita sita.

Ya mikate na keki asubuhi hiyo siyakumbuki. Nakumbuka foleni, kengele ya kaunta, na mtu aliyeuliza mara tatu kama kanoli za pistachio zimetoka.

Saa saba mchana tulifungua furushi la kwanza. Rikota ilisimama kwenye kijiko. Nilitaka kulia, kweli. Tuliipitisha kwenye chekeche mara mbili, ndipo sukari ya unga ikaingia, na vipande vya chokoleti. Nikashika mfuko wa krimu nianze kujaza, Mama akanizuia: "Moja tu. Iweke pembeni."

Saa tisa na robo aliniita nikaiume ile moja. Ganda lilikuwa limelegea, halikutoa sauti yoyote. Kisha akanijazia nyingine papo hapo; ilipasuka mdomoni. Naamini hadi leo kwamba kanoli iliyojazwa asubuhi ikauzwa jioni ni kumnyima mteja kitu alichokilipia, hata kama krimu yake ni tamu kiasi gani.

Tulijaza wawili wawili, mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule, kila ganda kutoka ncha zote mbili ili katikati pasibaki utupu. Saa kumi kasoro dakika tano boksi la mwisho lilifungwa. Waliokuja kuyachukua walitia sahihi wakaondoka; hawakujua lolote, na sikuona haja ya kuwaambia.

Jioni nilikuwa wa mwisho kutoka. Kulikuwa na ndoo moja ya rikota ya Jumapili. Niliifunga kwenye kitambaa, nikaining'iniza ndani ya friji juu ya bakuli, nikasimama pale mlango ukiwa wazi hadi niliposikia tone la kwanza.