Siku moja maishani mwangu: kaa, taa na uji wa kupimwa kwa sirinji

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nimeshaamka, nimeketi chini na mkasi, nakata karatasi ngumu. Nilifundisha chekechea miaka minne. Huu ni mwezi wa tano najifunza kuwa msaidizi wa mtaalamu wa tiba ya usemi, kwenye kituo kidogo cha mazoezi tiba hapa Dar es Salaam. Mtaalamu ndiye anayempima mtu, anayesema tatizo ni nini, anayepanga mazoezi. Mimi nayafanyisha, nahesabu, naandika.

Karatasi ni za kadi. Zile za kituo zilikuja na msaada kutoka nje, nzuri, zimefunikwa plastiki, zina picha za kindi na mtu wa theluji. Mtoto wa Mbagala akinyamaza mbele ya mtu wa theluji, utajuaje kama ni neno limemshinda au hajawahi kukiona kitu chenyewe? Basi nachora mwenyewe: ndoo, mwiko, karai, bajaji.

Saa 12 na robo, daladala. Nimesimama mpaka Kariakoo.

Saa 2 asubuhi. Wa kwanza ni binti aliyepandikizwa kifaa cha kusikia Muhimbili. Upasuaji huo ulianza pale 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Wengi hudhani kifaa kikiwashwa mtoto anaanza kuzungumza. Anachoanza ni kusikia, kama kichanga, na maneno yanafuata polepole kwa mazoezi ya muda mrefu. Nafunika mdomo kwa karatasi asije akasoma midomo yangu, kisha natamka sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Kila akisikia moja, anatupia kizibo cha soda kwenye kopo. Leo vizibo sita. Tunaendelea.

Saa 3 na nusu. Hapa ndipo nilipoharibu.

Mvulana wa miaka mitano. Kuku kwake ni "tuku", na neno kiti linageuka kitu kingine kabisa, mpaka shangazi yake hucheka akijifunika kanga usoni. Nikamwonyesha picha 20, nikaweka alama. Gari, "gali". Rangi, "langi". Kaka, "tata". Nikajumlisha: makosa 11. Nikapeleka fomu kwa mwalimu wangu huku najiona nimekuwa makini.

Akaisoma, akanitazama. "Mama yake amekuagaje?"

"Amesema watarudi Alhamisi."

"Nakuuliza, amesemaje?"

Nikafikiri. Kweli, yule mama alisema, "Haya dada, tutaludi Alhamisi." Sikio langu lilikuwa limeshamsahihisha kabla sijajua.

Nyumbani kwao r na l hazitenganishwi. Mtoto amejifunza vilevile anavyoongea mama yake, kama inavyotakiwa. Hiyo ni lafudhi, haina dawa wala haihitaji. Lakini hakuna mtu mzima kwao anayemwita kuku "tuku", na kwa umri wake k ilipaswa kuwa imeshatulia. Fomu nilizosomea zimetungwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, haziwezi kuniambia hayo. Mwalimu akanirudishia karatasi. "Hesabu upya jioni." Sikupenda, ila sikuwa na la kujibu.

Saa 7 mchana, wali maharage kwa mama ntilie. Wazazi wawili wamenipita wakisema, "Shikamoo dokta." Nimeitikia shikamoo, udokta nimeukataa. Hawajasikia.

Saa 8. Mzee wangu wa kiharusi, na mkewe, na chupa ya uji wa ulezi. Kwa sasa uji mwepesi sana humpalia, hivyo mtaalamu ameagiza uzito wa daraja la pili, yaani mzito kidogo. Kuupima ni kazi yangu: najaza uji kwenye sirinji ya mililita 10 nikiziba tundu la chini kwa kidole, naachia kidole, nahesabu sekunde 10. Kikibaki kati ya mililita 4 na 8, ndio wenyewe. Leo imebaki 9. Bibi hakufurahi, kapika ulezi maisha yake yote, leo binti mdogo anampimia kwa sirinji. Nimeongeza maji ya moto kidogo, nikapima tena: 6. Mzee akanywa kwa kijiko, wima, taratibu.

Kisha maneno. Ukimwambia "Assalamu alaikum", jibu linatoka zima, safi, kama hajawahi kuugua. Kuhesabu moja hadi kumi anaweza, Fatiha anaisoma. Mwonyeshe kikombe cha maji umuulize hiki nini, anabaki anahangaika, mishipa imemtoka. Yaliyozoeleka tangu utotoni mara nyingi husalimika kiharusi kinapoharibu uwezo wa kutafuta neno jipya. Watu wa nje huona anadeka.

Niliinua kikombe, nikanyamaza. Sekunde tatu, nne. Bibi akafungua mdomo, nikamgusa mkono: "Bibi, tumsubiri." Saba. Nane. Hata mimi nilitaka kumsaidia. Ualimu wa chekechea ulinizoesha kujaza kila ukimya. Mzee akasema, "Ma..." Akatikisa kichwa, akarudia. "Maji."

Bibi akasema, "Si ungeniambia tangu asubuhi."

Mzee akacheka. Hilo halina pa kuandikwa kwenye fomu, nikaliandika pembeni.

Saa 11 jioni. Nimehesabu upya. Katika yale 11, saba yalikuwa ya r. Yamebaki manne, yote ya k. Alhamisi tutaanza na maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo tu: kaa na taa, kamba na tamba, kua na tua.

Saa 3 usiku. Taa imechoreka vizuri. Kaa wa baharini amenisumbua, nimefuta mara tatu. Nikamwonyesha mdogo wangu: "Huyu nani?"

Akaangalia kwa makini. "Buibui."

Nachukua karatasi nyingine.